Seli Zilizosimama

Zamu ya asubuhi ilipoingia, ini jipya la Yaredi Chidawali lilikuwa limeacha kukua.

Hakuna king'ora kilicholia. Mashine za Kituo cha Msangajuu zilitengenezwa kupiga kelele pale seli zinapokimbia kupita kiasi. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja seli zingesimama. Daktari Nyamizi Kapalata aligundua kwa rangi. Kwenye skrini ya chumba cha uangalizi ini lile lilikuwa kijani jana yake, kijani cha mpunga ulioanza kushika. Sasa sehemu kubwa yake ilikuwa njano, na rangi ilikuwa imetulia.

Aliketi na begi lake bado begani, akaanza kukagua utando. Ulikuwa wavu wa nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele, uliotandazwa ndani ya mabaki ya ini la zamani ambalo virusi vilikuwa vimelila kwa miaka. Juu ya wavu huo zilipandwa seli zilizotokana na ngozi ya Yaredi mwenyewe. Wavu ulizilisha, na ulisoma yanayoendelea ndani ya kila moja. Nyuzi zote zilijibu. Mwanga ulikwenda na kurudi kama ulivyotakiwa.

Kwa hiyo kasoro haikuwa kwenye utando. Seli zenyewe ndizo zilizosimama, na zilisimama mahali pamoja. Zilikwisha kunakili vinasaba vyao, zilikwisha kujaa, zilibakiza hatua moja tu ya kugawanyika, na hazikuichukua.

Nyamizi aliijua hatua hiyo tangu chuoni na hakuwahi kuizoea. Ndani ya seli kuna vimeng'enya viitwavyo kinasi, na kazi ya kinasi ni ndogo kiasi cha kuchekesha: huchukua chembe iitwayo fosfati na kuipachika kwenye protini nyingine. Basi. Lakini protini iliyopachikwa fosfati hubadilika umbo, na umbo likibadilika, kazi nayo hubadilika. Kinasi moja, ambayo kituoni waliiita kinasi ya mwendo, ndiyo inayoiamuru seli igawanyike. Peke yake haiwezi kitu. Husubiri protini mwenzake, saiklini, ambayo hulimbikizwa polepole kadiri seli inavyokua. Hata zikishaungana haziondoki, kwa sababu kinasi nyingine, ya breki, huipachika ile ya mwendo fosfati mahali panapoifunga mikono. Injini inanguruma, gari halisogei.

Wakati ukifika, kimeng'enya cha tatu huibandua fosfati hiyo, na hapo ndipo Nyamizi alipokuwa akisimamisha somo kidogo kila alipowafundisha wanafunzi. Chembe chache za kinasi ya mwendo zilizofunguliwa huigeukia breki na kuizima. Hukigeukia pia kile kimeng'enya kilichozifungua na kukitia nguvu, nacho hufungua nyingine nyingi zaidi. Kwa hiyo seli haigawanyiki nusunusu. Inasubiri, inasubiri, halafu inakwenda yote kwa pamoja. Katika maisha yake ya kazi Nyamizi alikuwa ameona swichi nyingi zilizochorwa na wahandisi hodari, na hakuna hata moja iliyofikia hii ambayo haikuchorwa na mtu.

Kijani kwenye skrini kilimaanisha kinasi ya mwendo imefunguliwa. Njano ilimaanisha ipo, imekamilika, na imefungwa.

Profesa Kyaruzi aliingia na kikombe cha chai. Ndiye aliyekianzisha kituo, ndiye aliyemfundisha Nyamizi, na ndiye aliyebuni ufunguo, dawa ambayo utando ungeweza kuimwaga ndani ya ini ili kuilaza kinasi ya breki. Alisimama nyuma ya kiti, akatazama njano ile kwa muda.

"Watumishi wa umma hawa," alisema. "Wamevaa, wamefika, wameketi. Ukiuliza wanasubiri nini, hakuna anayejua."

"Wanajua, Profesa. Sisi ndio hatujui."

Alicheka kidogo, kisha akaacha mzaha. Damu ya Yaredi ilikuwa ikipitishwa kwenye chujio lililofanya kazi ya ini kando ya kitanda, na chujio lilikuwa limeanza kuziba kwa damu iliyoganda. Figo zake hazikuruhusu kuweka jingine. Lingedumu siku kadhaa, si wiki. Ini jipya lilihitaji kukua kidogo tu zaidi ili limbebe mtu huyu lenyewe. Breki iliwahi kukwama kwa wagonjwa wengine, Kyaruzi akaitumia dawa yake, na wengi wao leo walikuwa mashambani na maofisini kwao.

Lakini ufunguo haukuweza kumwagwa na mtu mmoja. Sheria hiyo aliiweka Kyaruzi mwenyewe, nao waliiita itikio. Madaktari wawili husimama mbele ya meza ya mashine. Wa kwanza hutamka sababu iliyozisimamisha seli. Wa pili huitamka sababu ileile kama jambo aliloliona kwa macho yake, si aliloambiwa. Mashine ikisikia sauti mbili, kufuli hufunguka. Wageni waliokitembelea kituo waliwatania kuwa wanaimba kwaya.

Kyaruzi aliweka mkono mezani. Alisema seli zimesimama kwa uchovu: zimetokana na ngozi ya mtu aliyeugua muda mrefu, na breki zake zimekwama. Akamgeukia Nyamizi, akasubiri.

Nyamizi hakuitikia.

"Sijaona uchovu," alisema. "Nimeona kusimama tu."

Profesa hakukasirika. Alimwambia amletee sababu nyingine kabla ya jioni naye ataisikiliza. Asipoileta, ataita daktari mwingine. Kisha akanywa chai yake, akaondoka.

*

Yaredi alikuwa ameketi kitandani, macho ya njano, mikono mikubwa ya fundi imelala juu ya shuka. Kabla ya kuugua alikuwa akitunza mashine ya kuchambua karanga kwenye ghala la ushirika, na tangu alazwe alikuwa ameuliza maswali mengi kuhusu utando kuliko mgonjwa yeyote kabla yake. Mama yake alikuwa kwenye kiti cha dirishani, chupa ya uji miguuni. Wauguzi walimruhusu kuja nayo. Uji wa kituo Yaredi alikuwa ameukataa tangu wiki ya kwanza, na uji wa mama yake ulimwongeza uzito. Kwa wauguzi hoja hiyo ilitosha.

Nyamizi alimweleza lililotokea na chaguo lililokuwepo. Alimweleza pia bei yake. Ikiwa seli zimesimama kwa sababu ya kweli, yaani vinasaba vyake vimeharibika, basi kuziondolea breki ni kuzilazimisha zigawanyike zikiwa na uharibifu huo. Kila kosa lingerithiwa na seli mbili, kisha nne. Ini lingekuwa zima kwa macho na kwa kazi. Baada ya miaka kumi, au kumi na mitano, lingekuwa saratani.

Yaredi aliuliza uhakika wa saratani ni kiasi gani. Alimwambia ni mkubwa, kama uharibifu upo. Akauliza uhakika wa kufa chujio likiziba ni kiasi gani. Alimwambia ni kamili.

"Basi fungua, daktari," alisema. "Mwanangu ana miaka mitatu. Ongeza kumi na mitano uone. Mimi baba aliniacha sijafika darasa la saba."

Nyamizi alizijumlisha akilini, kwa mazoea tu, na hesabu ilikuwa sawa: kumi na minane, mtu mzima.

"Mpe kwanza anywe uji, mama," alisema mama Yaredi, aliyekuwa akimwita Nyamizi mama ingawa alimzidi umri sana. "Hayo ya kufungua na kufunga mtayasema ameshiba. Ule wenu wa hapa hata paka angeuliza nani kaupika."

*

Alirudi kwenye skrini na kuuliza utando swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza asubuhi: je, walinzi wako macho?

Seli ina kinasi nyingine ambazo kazi yake ni doria. Zinazunguka kwenye vinasaba, na zikikuta uzi umekatika, au kitu kimegandamana na herufi yake, hupashana habari kwa njia ileile moja, fosfati kutoka mkono hadi mkono, mpaka habari inakifikia kimeng'enya cha kufungua na kukizima. Seli iliyochoka haina doria. Imekwama tu, walinzi wamelala.

Walinzi wote walikuwa macho. Katika kila seli ya njano aliyoipima walikuwa macho, na kwa nguvu ambayo hakuwahi kuiona kwa mgonjwa.

Nyamizi aliondoa mikono kwenye kibodi. Zile seli zilikuwa na umri wa wiki chache. Zilikuwa zikisukumwa na homoni za kuzikuza kwa kasi ambayo ini la kawaida haliijui, na katikati ya msukumo huo zilikuwa zimegundua hatari, zikapashana habari, na kusimama karibu zote, bila yeye wala Profesa kujua kwamba kuna hatari. Alijiruhusu kulistaajabia jambo hilo kidogo. Kisha akaendelea na kazi.

Aliuomba utando ramani ya seli zilizotangulia kusimama. Damu ya kutoka tumboni huingia kwenye ini upande mmoja ikiwa na kila kilicholiwa, hupita katikati ya seli, hutokea kwenye mishipa ya upande wa pili. Kama kitu kilichokuwa ndani ya damu kingekuwa kinaunguza chenyewe, seli za mlangoni zingekuwa za kwanza kuumia. Hazikuumia. Zilikuwa bado kijani. Zilizoanza kusimama ni zile za karibu na mishipa ya kutokea, na hizo zina kazi yao maalumu: ndizo zinazovunjavunja kemikali ngeni ili mwili uzitoe.

Kwa hiyo kitu kile kiliingia kikiwa hakijawa hatari kwa vinasaba, na kikageuka hatari pale seli zilipojaribu kukivunja. Vitu vya aina hiyo si vingi. Katika nchi ile ya karanga na mahindi kimoja kilivitangulia vingine vyote: sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Ini jipya lilikuwa limefanya kazi yake kwa bidii, na kwa kufanya kazi hiyo lilikuwa limejitilia sumu.

Unga wa jikoni pale kituoni ulipimwa kila gunia. Nyamizi alirudi wodini, akaomba kuiona chupa ya uji.

Mama Yaredi alimpa kwa furaha, akidhani anataka kuonja. Nyamizi alifungua kifuniko, akakigeuza juani. Kwenye mkunjo wa ndani, pale kitambaa cha kuoshea hakifiki, palikuwa na mstari mwembamba wa buluu.

Aliuliza buluu ile ni nini. Mama Yaredi alieleza bila kusita, kwa sababu kijijini kwake halikuwa jambo la kuficha. Karanga zikifika ghalani hupita kwenye mashine. Zilizo nzuri zinanunuliwa. Zilizokataliwa hupuliziwa rangi ya buluu ili mtu asiende kuziuza kwingine, kisha mwenyewe anarudishiwa gunia lake. Nyumbani wanaziosha rangi ikatoka, wanazikaanga, wanazisaga, wanazitia kwenye uji. Kila nyumba inafanya hivyo. Wanunuzi wa ng'ambo wana madeko, karanga iliyojikunja kidogo hawaitaki, lakini karanga ni karanga, na kutupa chakula ni dhambi.

Yaredi alikuwa amefumba macho.

"Ile taa ya mashine yako inaona nini?" Nyamizi alimuuliza.

"Ukungu," alisema. "Karanga yenye ukungu inang'aa vibaya. Upepo unaisukuma pembeni." Alifumbua macho. "Kwenye semina walituambia. Nikaandika, nikafaulu mtihani. Ila nilidhani wanasemea soko tu."

"Na gunia la buluu linakwenda wapi?"

"Nyumbani."

Mama yake alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. Akauliza kwa sauti ya chini amemlisha mwanawe nini. Nyamizi hakuwa mtu wa kufariji, na alijua kwamba akijaribu atakosea. Alimweleza yaliyo kweli. Ni kitu ambacho kuosha hakukitoi na moto wa jikoni haukiui. Yaredi alifundishwa habari zake. Wauguzi walikiona chombo kikiingia, na yeye daktari hakuuliza. Yeye mama peke yake ndiye ambaye hakuwahi kuambiwa.

Mama Yaredi aliichukua chupa, akaifunika, akaishika mapajani kwa mikono miwili. Hakuumwaga uji mpaka Nyamizi alipotoka.

*

Kyaruzi aliisikiliza sababu hiyo akiwa amesimama, akaitazama ramani, na hakubishana hata neno. Nyamizi alimheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa vitabu vyake.

"Nilikosea," alisema Profesa. "Sasa itikio linawezekana. Sababu tunayo, na umeiona kwa macho yako."

Hilo ndilo Nyamizi alilokuwa akilifikiria njia nzima. Asubuhi alikataa kwa sababu hakujua. Sasa alijua, na kujua kwenyewe ndiko kulikofungua kufuli. Sheria haikuuliza kama sababu ni nzuri au mbaya. Ilidai itamkwe tu.

Profesa aliweka hoja yake kwa utaratibu. Sumu imekatwa leo, seli zitaanza kujitengeneza, lakini hakuna anayeweza kusema kama zitamaliza kabla chujio halijaziba. Wakifungua sasa, Yaredi ataishi kwa hakika. Saratani, kama itakuja, itakuja katika dunia nyingine. Miaka kumi na mitano nyuma utando huu wenyewe ulikuwa ndoto. Nani ajuaye dawa zitakazokuwepo miaka kumi na mitano mbele? Kumnyima mtu uhai wa hakika kwa kuogopa ugonjwa wa baadaye, alisema, ni woga uliovaa koti la daktari.

Nyamizi alimjibu kwamba anaukubali ukweli wa kila sentensi. Alichokataa ni wao wawili kuamua. Wakaenda wodini pamoja, Profesa akairudia hoja yake yote mbele ya Yaredi, bila kupunguza kitu. Nyamizi hakuongeza hoja. Alimpa kompyuta ya mkononi iliyokuwa ikionyesha seli chache tu, za njano, zilizokuzwa mpaka kila moja ilikuwa na ukubwa wa sarafu.

Alimweleza anachokitazama. Ndani ya kila moja, palipogandwa na sumu panakatwa na kutolewa, kisha panajazwa upya kwa kunakili uzi wa pili uliosalimika. Kazi hiyo inakwenda herufi kwa herufi. Walinzi watanyamaza tu pale watakaporidhika.

Yaredi aliangalia mchana wote. Chakula cha jikoni kililetwa, akala bila kulalamika, macho kwenye skrini. Mama yake alilala kitini. Jua lilipoanza kuinama, seli moja ya pembeni iligeuka kijani. Haikugeuka polepole, ilikuwa njano, kisha ikawa kijani yote. Muda si mrefu jirani yake ikasinyaa, ikakatika vipande, ikazimika.

"Ile imekufa?"

"Imejiua," alisema Nyamizi. "Imeshindwa kujitengeneza, haikutaka kupita ilivyo."

"Nani kaiambia?"

"Hakuna."

Yaredi alimgeukia Kyaruzi. "Profesa, ungefungua asubuhi, ile nayo ingepita?"

"Ingepita," alisema Kyaruzi.

Yaredi aliiweka kompyuta juu ya shuka. Alisema, taratibu, akimwangalia mama yake aliyelala, kwamba amefanya kazi kwenye ile mashine tangu ujana wake, na kila siku alikuwa akiona inakataa, na kila siku alikuwa anaona inadeka.

"Tungoje," alisema. "Safari hii tusirudishe gunia nyumbani."

Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi na alikuwa na mtoto wa miaka mitatu, aliongeza sharti. Chujio likiziba na ini likashindwa kumbeba, aulizwe tena. Nyamizi aliahidi. Alimwambia kwamba siku hiyo akisema fungua, yeye ataitikia.

*

Chujio liliziba asubuhi, siku chache baadaye, siku moja mapema kuliko ilivyokadiriwa.

Wauguzi walilitoa. Kuanzia hapo damu ya Yaredi haikuwa na msaada wowote isipokuwa ini lililokuwa dogo kuliko lilivyopangwa. Katika siku za kungoja Nyamizi alikuwa ameona njano ikirudi nyuma kutoka kila upande. Karibu robo ya seli hazikufunguka kamwe. Zilizimika zenyewe, moja baada ya nyingine, na zilizojitengeneza zikagawanyika na kujaza nafasi zao. Aliwahi kuwaambia wanafunzi kwamba breki ni nusu ya gari. Safari nyingine angewaambia ni zaidi ya nusu.

Yeye na Kyaruzi walisimama mbele ya meza ya mashine. Kyaruzi alitamka sababu: seli zilisimama kwa vinasaba vilivyojeruhiwa na sumukuvu. Nyamizi aliitamka kama jambo aliloliona. Kufuli likafunguka. Ufunguo ulikuwa tayari kumwagwa, na katika chumba cha pili Yaredi alikuwa macho, akijua kwamba anaweza kuulizwa wakati wowote.

Kipimo cha kwanza cha taka zilizobaki kwenye damu kilikuja kibaya. Kyaruzi aliweka mkono mezani, akauacha pale. Nyamizi hakumwomba autoe. Cha pili kilikuwa kibaya vilevile, lakini hakikuzidi cha kwanza. Mhudumu alikuja kuuliza kama amwite mama mgonjwa, wakamwambia asubiri.

Cha tatu kilishuka. Cha nne kilishuka zaidi, na kikaendelea kushuka.

Kwenye skrini ini lilikuwa kijani, madoa machache ya njano yakiwa bado yamesimama hapa na pale, kila moja na sababu yake. Kyaruzi aliyatazama kwa muda mrefu, akatoa mkono mezani na kulifunga kufuli.

"Watumishi wa umma," alisema, akaenda kutafuta chai.